Mbwa na paka wenye magonjwa ya ndani Nyanda za Juu Kusini: damu ichukuliwe kabla ya sindano

#1. Daktari wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za majukumu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu maswali yanayonifikia kutoka Mbeya, Njombe, Iringa na Rungwe yanafanana mno. Mbwa amekonda kwa miezi, akatibiwa, akapata nafuu ya wiki moja, kisha hali ikarudi palepale. Au paka mzee anakunywa maji kupita kawaida na kila siku anazidi kupungua. Na mwishowe mwenye mnyama anauliza atampata wapi daktari bingwa. Swali hilo ni la haki, ila kuna jingine linalopaswa kulitangulia: kabla mnyama huyo hajachomwa sindano ya kwanza, kuna mtu aliyemchukua damu?

Nianze na huyo bingwa. Shahada ya udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huchukua miaka mitano, na humwandaa daktari kwa ng'ombe, kuku, nguruwe, mbwa na hata ukaguzi wa nyama. Bingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama, katika nchi zenye utaratibu huo, huongeza mafunzo ya vitendo ya mwaka mmoja hivi, kisha takriban miaka mitatu chini ya mabingwa waliomtangulia, ndipo hufanya mitihani. Chuo cha Marekani kinachosimamia ubingwa huo kilianzishwa mwaka 1973. Bingwa huyo hushughulika na figo, ini, kongosho, tezi, damu na utumbo, yaani yale maradhi ambayo huwezi kuyaona kwa kumtazama mnyama kwa nje. Hana dawa ya siri ambayo daktari wa wilaya hana. Anachofanya ni kukusanya ushahidi kwa mpangilio, kuanzia historia, uzito, damu na mkojo hadi altrasaundi, na kuondoa dhana moja baada ya nyingine.

Kwa sisi wa kanda hii, mahali pa kupewa rufaa panapoeleweka ni hospitali ya wanyama ya Chuo cha Sokoine, Morogoro. Kutoka Iringa mjini ni kama kilomita 300, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 600, ukiteremka Kitonga na kukatiza Mikumi. Mtu anayemsafirisha mgonjwa umbali huo anastahili kufika na kitu mkononi.

Tatizo linaanzia hapa. Kwa mazoea ya kwetu, mbwa asiyekula akifikishwa kwa mtoa huduma hupewa, mara nyingi kabla hata ya kupimwa joto, mchanganyiko ambao wengi wenu mnaufahamu: oksitetrasaiklini ya ng'ombe, vitamini, na deksamethasoni kidogo ya kumchangamsha. Na kweli huchangamka! Deksa hushusha homa na kurudisha hamu ya kula kwa siku mbili tatu, na mwenye mbwa hushukuru na kulipa. Lakini dawa hiyohiyo hupandisha sukari ya damu, huvuruga uwiano wa chembe nyeupe, humfanya mnyama anywe na kukojoa sana, na kwa mbwa hupandisha kimoja kati ya vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kila siku maabara. Damu itakayochukuliwa wiki inayofuata itatoa habari za dawa badala ya habari za ugonjwa. Huyo bingwa, hata akiwa na mashine zote duniani, atabaki kumwambia mteja aliyetoka Tunduma asubiri hadi dawa iishe mwilini.

Chukueni mfano wa ugonjwa wa kupe unaosababishwa na erlikia, ambao nauona mara nyingi kwa mbwa wa asili ya Ujerumani wanaofugwa kwa ulinzi. Kupe wa kahawia wa mbwa, yule anayeingia kwenye nyufa za banda na kupanda ukutani, huambukiza kimelea kinachoishi ndani ya chembe nyeupe. Wiki za mwanzo mbwa hupata homa, tezi huvimba, kisha anaonekana kupona mwenyewe, na anaweza kukaa miezi hata miaka akiwa amebeba ugonjwa bila dalili. Wengine huishia kwenye hatua ya mwisho, ambapo uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza damu: fizi zinakuwa nyeupe, pua inatoka damu, vidonda haviponi. Tiba yake inajulikana, nayo ni doksisaiklini kwa siku 28 mfululizo, kwa kipimo kinachotokana na uzito halisi. Sindano moja ya oksi hupunguza vimelea bila kuwamaliza, dalili hutulia, na mbwa anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Ndiyo ile nafuu ya wiki moja mnayonisimulia.

Figo nazo zina hila ya namna yake. Kreatinini, yaani taka ya damu inayochujwa na figo na ambayo hata maabara ya kawaida ya binadamu inaweza kuipima, huwa haipandi mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Uwezo wa kuukoleza mkojo hupotea mapema zaidi, theluthi mbili zikiwa zimekwenda. Kwa hiyo mkojo wa asubuhi, mililita chache tu, ukipimwa uzito wake kwa refraktomita (kifaa kidogo cha kupimia ukolezi), unaweza kusema jambo ambalo damu bado inalificha. Lakini mkojo huo uchukuliwe kabla ya dripu na kabla ya deksa, kwa sababu vyote viwili huufanya uwe mwepesi hata kwa mnyama mwenye figo nzima, na hapo kipimo kinakuwa hakina maana tena.

Tahadhari moja kuhusu maabara za binadamu, maana najua wengi mnapeleka sampuli huko. Kemia ya damu, kama kreatinini na sukari, hupimika vizuri. Mashine ya kuhesabu chembe ndiyo yenye shida, kwa kuwa imepangwa kwa ukubwa wa chembe za mtu. Chembe sahani za paka, zile zinazosaidia damu kuganda, ni kubwa na hugandana, mashine inaziruka, na majibu yanakuja yakisema paka hana chembe sahani wakati anazo tele. Vilevile ule ukanda wa kupimia mkojo una kisanduku cha chembe nyeupe ambacho kwa paka hudanganya, kikionyesha maambukizi yasiyokuwapo. Mwenye majibu ya aina hiyo amwombe daktari aangalie tone la damu kwa hadubini kabla ya kuamua lolote.

Naomba maswali na hoja za kupinga pia.

#2. Mwana Makambako

Daktari, nakushukuru kwa elimu, ila nina pingamizi na nitalisema kwa heshima. Mbwa wangu ni wa kulinda mbao. Nikikodi gari hadi Morogoro, nikalipia vipimo, malazi na dawa za mwezi mzima, nimekwishamaliza fedha ya kununua ndama. Huku kwetu mtu atakushangaa. Sindano inayotolewa hapa mtaani ni rahisi na angalau mbwa anaamka. Je, unatutaka tufanye mambo ya watu wa Masaki?

#3. Daktari wa Uyole

Mkuu wa Makambako, hoja yako ni nzito na sitaipita pembeni.

Sijasema kila mbwa apelekwe Morogoro. Walio wengi hawahitaji kufika huko, na wapo ambao kwa hali waliyofikia, uamuzi wa huruma ni kuwalaza moja kwa moja kwa dawa, jambo ambalo daktari wa mifugo aliyesajiliwa analifanya bila mnyama kuteseka. Uamuzi wa kutumia fedha kiasi gani ni wako, na daktari anayekusimanga kwa hilo hajui kazi yake.

Lakini hebu fanya hesabu kwa utaratibu mwingine. Mbwa wako akirudia kuugua mara tatu kwa mwaka, na kila mara akachomwa mchanganyiko uleule, gharama hiyo inapita gharama ya tone la damu kwenye kioo, kipimo cha wingi wa damu na mkojo, ambavyo ndivyo vipimo vya bei ya chini kuliko vyote. Vitatu hivyo vinaweza kufanyika bila kuvuka Igawa wala Mafinga. Pia kupe wakimalizwa bandani, na siyo mwilini pekee, unakuwa umeondoa chanzo. Kupe huyu wa kahawia hukamilisha maisha yake yote palepale kwenye banda la mbwa, kwa hiyo nyufa za mbao na kuta zinahitaji dawa sawasawa na mbwa mwenyewe. Kwa yadi ya mbao hilo ni jambo la kuangalia kwa makini, maana maficho ni mengi.

#4. Mama Paka Iringa

Shikamoo Daktari. Samahani kwa kuingilia mjadala wa mbwa. Nina paka dume, mnene, haendi nje. Tangu jana mchana anaingia kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa muda mrefu, analia, anatoka, anarudi tena. Nimedhani amefunga choo, nikampa mafuta ya kula kidogo. Leo asubuhi ametapika na hataki kuguswa tumbo. Jirani ananishauri nusu kidonge cha parasetamoli kwa ajili ya maumivu. Je, nimpe halafu nianze kutafuta usafiri wa Morogoro?

#5. Daktari wa Uyole

Marahaba dada. Acha kila kitu usome hapa.

Parasetamoli usimpe, hata robo. Ini la paka halina njia ya kuivunja dawa hiyo kama letu. Damu yake inabadilika rangi na kuwa ya kahawia, inashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Morogoro usiende kwa sasa. Maelezo yako yanaelekea kwenye mrija wa mkojo ulioziba, jambo linalowapata madume kwa sababu mrija wao ni mwembamba. Mkojo usipotoka, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama, na hilo hutokea ndani ya siku mbili au tatu tu tangu kuziba. Wewe umekwisha kutumia siku nzima. Mpeleke sasa hivi kwa daktari wa mifugo yeyote aliye karibu hapo Iringa, na ukimpigia simu mwambie maneno haya: paka dume, hakojoi tangu jana, anatapika. Akilishika tumbo atakuta kibofu kigumu. Kama hana mrija mwembamba wa kupitisha, anaweza kutoa mkojo kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo ili kupata muda. Usimkamue tumbo wewe mwenyewe njiani, kibofu kinaweza kupasuka.

#6. Mtaalamu wa Kata

Salaam. Mimi ni mtaalamu msaidizi wa mifugo katika kata moja ya Wanging'ombe, na nasema wazi kwamba lawama za bandiko la kwanza zinatuangukia sisi. Ninakubali sehemu yake. Ila Daktari naye aelewe mazingira: napigiwa simu saa mbili usiku, nafika na pikipiki, mwenye mbwa ananisubiri mlangoni. Nikimwambia nimekuja kuchukua damu na majibu ni keshokutwa, ananiuliza, "Sasa umekuja kufanya nini?" Mteja asipoona sindano haoni kazi, na asipoona kazi halipi. Sina hadubini wala friji. Mnataka nifanye nini hasa?

#7. Daktari wa Uyole

Ndugu yangu, umesema ukweli ambao wengi wetu huukwepa, na mimi sitakulaumu kwa kosa la mfumo mzima. Nakuomba jambo moja tu, linalobebeka kwenye mfuko wa koti: vioo viwili vya hadubini na penseli.

Kabla ya kufungua chupa ya dawa, nyoa nywele kidogo kwenye ncha ya sikio, safisha, acha pakauke, choma kidogo, futa tone la kwanza na uchukue la pili. Damu ya sikioni inafaa zaidi kuliko ya mshipa mkubwa kwa kuwatafuta babesia, vimelea wa chembe nyekundu wanaoenezwa na kupe, kwa kuwa chembe zilizobeba vimelea hukwama kwenye mishipa midogo. Tone liwe dogo mithili ya kichwa cha kiberiti. Kioo cha pili kishike kwa mshazari, kirudishe nyuma mpaka kiguse tone, damu isambae kwenye ukingo wake, kisha sukuma mbele mara moja bila kusitasita. Ukipata utando unaopungua unene hadi kufikia umbo la ulimi, umefaulu. Ukaushe kwa kupepea hewani, si kwa moto. Andika kwa penseli jina la mnyama na tarehe, maana wino wa kalamu hufutika kwenye kemikali ya kupaka rangi. Halafu kifunge mara moja kwenye karatasi: nzi hula damu iliyokauka kwenye kioo, na nimepokea vioo kutoka vijijini vikiwa vimelambwa hadi vikabaki vyeupe. Huna haja ya friji, kwa kweli friji ni adui wa kioo, kwani unyevu unaoganda juu yake hupasua chembe.

Kazi hiyo haikuchukui dakika tano, na mteja anaiona kwa macho yake. Baada ya hapo, ukiona mbwa ana homa na fizi nyeupe, huwezi kumwacha bila tiba eti unasubiri majibu. Mtibu, ila deksa ibaki mkobani.

Niongeze kwamba kioo kisicho na kimelea hakimwondolei mbwa shaka. Babesia wa mbwa huonekana vizuri, lakini erlikia ni adimu sana kuonekana hata kwa mbwa anayeumwa kweli. Hapo daktari hutazama chembe sahani: zikiwa chache, kwa mbwa mwenye historia ya kupe, hoja ya doksisaiklini inakuwa na nguvu. Na vidonge hivyo apewe pamoja na chakula, bila maziwa, kwa kuwa maziwa hupunguza ufyonzwaji wake.

#8. Mtaalamu wa Kata

Nimekuelewa. Vioo nitavitafuta. Swali dogo: dawa ya unga wa njano ya ng'ombe nimeitumia kwa mbwa wenye babesia kwa kukadiria kwa jicho. Kuna tatizo?

#9. Daktari wa Uyole

Lipo, na ni kubwa. Hiyo ya njano ni diminazini, na pakiti yake yenye gramu 1.05 za dawa imepangwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa kilo 20 anahitaji sehemu moja kati ya kumi na tano ya pakiti hiyo, na kwa mbwa nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ubongo ni ndogo sana. Kukadiria kwa jicho hapo ni hatari. Kama hakuna mizani ya mbwa, mwenye mbwa apande kwenye mizani ya kawaida akiwa amempakata, kisha apande peke yake, utoe tofauti. Mbwa mkubwa anaweza kupimwa kwenye mizani ya magunia ya mahindi. Na usirudie sindano baada ya siku mbili kwa sababu tu hajaamka. Dawa bado imo mwilini.

#10. Mkulima wa Idodi

Kamwene ndugu zangu. Hapa Idodi, jirani na Hifadhi ya Ruaha, mbwa wangu wa kuchungia ameanza kuwa na jicho moja jeupe lenye ubuluu, amekonda, na homa inakuja na kuondoka. Amechomwa hiyo ya njano mara moja, akapona, sasa amerudia na anayumba akitembea. Watu wanasema ameingiwa na majani jichoni.

#11. Daktari wa Uyole

Kamwene. Jicho la namna hiyo, kwa mbwa anayeishi penye mbung'o, linanifanya nifikirie ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, kabla ya majani. Mbwa huugua ugonjwa huo vibaya kuliko ng'ombe wa asili, na uvimbe wa kioo cha jicho ni dalili yake mashuhuri. Kurudia pamoja na kuyumba kuna maelezo: diminazini haipenyi vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo vimelea waliojificha huko husalia na kurudi kwenye damu baadaye. Nakusihi, damu ichukuliwe leo wakati ana homa, kwa kuwa vimelea huonekana zaidi homa inapopanda, nayo itazamwe ikiwa mbichi chini ya hadubini, ambapo wanaonekana wakicheza kati ya chembe. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kiko Iringa mjini; piga simu kwanza uwaeleze unachokileta. Kwa sababu kuyumba kunaweza pia kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, mfungie peke yake, usitie mkono mdomoni mwake, na mwambie daktari tarehe ya chanjo yake ya mwisho.

#12. Mama Paka Iringa

Mrejesho: Daktari, alikuwa ameziba kama ulivyosema. Amewekewa mrija, ana dripu, mkojo ulitoka mwekundu kama juisi ya rosela lakini leo umeanza kuwa mwepesi. Aliyemtibu anasema tukishaondoa mrija anaweza kuziba tena. Niandae nini nyumbani?

#13. Daktari wa Uyole

Nashukuru kwa mrejesho, dada. Ni kweli, kurudia ni jambo la kawaida, hasa siku za mwanzo baada ya mrija kutoka, kwa hiyo hesabu kila anapokojoa na uangalie ukubwa wa bonge la mchanga. Maji ndiyo dawa yake kubwa: dagaa waliolowekwa na kuchemshwa bila chumvi, apewe pamoja na supu yao, chakula kikavu kipungue, bakuli za maji ziwe zaidi ya moja na mbali na boksi la mchanga. Unene nao upunguzwe, lakini polepole. Paka mnene akikaa siku tatu bila kula kabisa, mafuta hujaa kwenye ini na anaingia kwenye ugonjwa mwingine mbaya zaidi. Akipoteza hamu ya kula baada ya kutoka hospitali, usisubiri.

#14. Parachichi Tukuyu

Daktari wetu wa hapa Tukuyu amekubali kuchukua damu ya mbwa wangu leo, Ijumaa jioni, ili niitume kwa basi la usiku kwenda Morogoro. Mbwa ana miaka tisa, anakunywa ndoo nzima ya maji. Nimeandaa boksi lenye barafu. Je, niendelee?

#15. Daktari wa Uyole

Leo hapana. Itafika Jumamosi alfajiri, na kama hujapata mtu wa kuipokea itakaa kwenye ofisi ya vifurushi hadi Jumatatu, ambapo chembe zitakuwa zimeharibika na sukari itasomeka chini kuliko ilivyo, kwa kuwa chembe huendelea kuila ndani ya chupa. Mwombe daktari aipime sukari kwa kifaa cha kidole hapohapo na apime mkojo wa kesho asubuhi. Mbwa wa umri huo anayekunywa kiasi hicho, kisukari kiondolewe shaka kwanza, na hilo linamalizika Tukuyu. Maji usimnyime hata kidogo. Kama sukari ni ya kawaida, damu ichukuliwe Jumapili jioni au Jumatatu, seramu (maji ya damu) itengwe kabla ya kusafiri, chupa zifungwe kwa gazeti ili zisigusane na barafu, vioo viwe kwenye bahasha nje ya boksi, na ujumbe wa simu utangulie maabara kabla basi halijaondoka.